Mzazi, Somo na Kungwi: Nani Alimfunda Mtoto Mambo ya Mwili

Katika miji na vijiji vya pwani ya Afrika Mashariki, kumfunda mtoto mambo ya mwili, haya na unyumba ilikuwa kazi ya watu wengi, na mzazi alishika sehemu ndogo tu. Mama alifundisha usafi na adabu. Mwalimu wa chuoni, yaani madrasa, alifundisha twahara na alama za kubaleghe. Bibi na babu waliulizwa yale ambayo mtoto hakuthubutu kuyatamka mbele ya wazazi. Somo na kungwi, wanawake waliokabidhiwa kumfunda, walimpokea msichana siku alipovunja ungo, na mvulana alipelekwa jandoni kutahiriwa na kufundwa. Ukimya wa baba na mama, ambao siku hizi hutajwa kama kasoro ya malezi ya Kiafrika, ulikuwa na mahali pake katika mpango huo: walinyamaza kwa sababu palikuwa na mtu aliyewekwa kusema. Kadiri miaka ilivyopita wasemaji hao wamekuwa wakiondoka mmoja mmoja, na ukimya wa wazazi umebaki palepale.

Kwa mtoto mdogo elimu ilianzia uani na chooni. Kuchamba kwa maji kwa mkono wa kushoto, kunawa, kutotembea uchi mbele ya wageni, kukaa kwa kujistahi: hayo aliyafundisha mama, dada mkubwa au yaya, kwa vitendo na kwa kukaripia, bila maelezo mengi. Sehemu za siri zilikuwa na majina ya kitoto yaliyotofautiana nyumba hata nyumba, na majina yake halisi yalihesabiwa kuwa matusi. Mtoto alijua mapema kwamba sehemu zile ni za kusafishwa na kusitiriwa. Afanye nini iwapo mtu mwingine atataka kuzishika, hakuambiwa.

Juu ya msingi huo dini iliweka vipimo vya umri. Aya ya 58 ya Suratun Nur inaagiza kwamba watoto ambao hawajabaleghe wabishe hodi na kuomba ruhusa kabla ya kuingia walipo wakubwa nyakati tatu: kabla ya sala ya alfajiri, adhuhuri watu wanapovua nguo kujipumzisha, na baada ya sala ya isha. Hadithi mashuhuri ya Mtume inataka watoto waamrishwe kusali wakifika miaka 7, na wakifika 10 watenganishwe malazi. Katika nyumba ya Kiswahili hili lilikuwa na maana ya moja kwa moja: kaka na dada waliokuwa wakilala kitanda kimoja wakagawanywa, na mtoto wa kiume mara nyingi akahamia chumba cha nje, kwa babu, au barazani. Mzazi hakulazimika kueleza sababu. Kitanda kipya ndicho kilichokuwa funzo lenyewe.

Chuoni mambo yalisemwa waziwazi zaidi, ingawa kwa Kiarabu. Kitabu kidogo cha fikihi cha Safinatun Naja, kilichotungwa katika karne ya 19 na Salim bin Sumayr, mwanachuoni wa Hadhramaut, kilisomeshwa sana pwani, na katika kurasa zake za mwanzo kabisa kinataja alama tatu za kubaleghe: kutimiza miaka 15 kwa mvulana na msichana, kuota ndoto ya kutokwa na manii kuanzia miaka 9, na hedhi kwa msichana kuanzia miaka 9. Mbele kidogo yanakuja mambo sita yanayowajibisha kuoga, yakiwamo tendo la ndoa, hedhi na nifasi. Mtoto aliyahifadhi yote sita kwa mpigo ule ule aliohifadhia nguzo za sala, na aliyasoma kwa sauti mbele ya wenzake bila aibu yoyote, maana mengi yake alikuwa hajayaelewa. Maana ilikuja miaka kadhaa baadaye. Hapakuwa na mwalimu mwingine aliyewafundisha watoto hedhi na manii kwa utulivu kiasi hicho, na pengine lugha ngeni ndiyo iliyomruhusu.

Bibi na babu walikuwa na ruhusa ya aina nyingine. Kati yao na wajukuu palikuwa na utani: bibi humwita mjukuu wa kiume mume wake, na babu hujidai kumposa mjukuu wa kike. Katika kicheko hicho maswali yalipita. Mtoto aliyetaka kujua mdogo wake alitokea wapi alipelekwa kwa bibi, na bibi akajibu kwa hadithi au kwa kitendawili, kwa kadiri alivyoona umri wake unaweza kuchukua. Kwa Waganda wa Uganda kazi kama hii iliwekwa mikononi mwa shangazi, ssenga, ambaye alimwandaa binti wa kaka yake kwa ndoa. Mkono ulitofautiana kutoka jamii hadi jamii, lakini karibu kila mahali ulikuwa wa jamaa aliyesogea hatua moja pembeni ya wazazi.

Mambo yalikuwa mazito zaidi msichana alipovunja ungo. Kwa kawaida mama hakuwa wa kwanza kuambiwa. Habari ilifika kwa bibi, shangazi au somo, na hao ndio waliomfahamisha mama. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwenyeji wa upande wa Bagamoyo aliyekwenda kufundisha Kiswahili Berlin, alieleza desturi za malezi, jando na unyago (mafunzo ya wasichana) katika maandishi yaliyotolewa na Carl Velten huko Göttingen mwaka 1903 kwa jina la Desturi za Wasuaheli. Ni miongoni mwa maelezo marefu ya kale yaliyoandikwa kwa Kiswahili na Mswahili mwenyewe, na somo ndani yake ni mtu wa kudumu: anamfunda mwali, yaani msichana aliyevunja ungo, anakuwapo harusini, na anabaki mshauri wa mwanamke yule katika ndoa yake.

Kumfunda mwali kulianza na mambo madogo kabisa. Alionyeshwa jinsi ya kukunja na kufunga kitambaa cha hedhi, jinsi ya kukifua peke yake, na mahali pa kukianika ambapo jicho la mwanamume halifiki. Alifundishwa kuhesabu siku zake, kuoga josho la kutoka hedhini, kunyoa na kujitia manukato. Baadaye ndipo yalipokuja mambo ya unyumba, yakifundishwa kwa ngoma, nyimbo za mafumbo na mizaha mikubwa ambayo wanawake wangeikana mchana. Mwanamume hakukaribia. Karl Weule, mtaalamu wa Kijerumani aliyezunguka kusini mwa Tanganyika mwaka 1906 akiwa na fonografu na kamera ya sinema, alishuhudia sehemu za unyago katika nchi ya Makonde na akaziandika kwa kirefu. Alichoonyeshwa ni kile ambacho wenyewe waliona mgeni wa kiume anaweza kuonyeshwa.

Kwa Wazaramo, mwali aliwekwa ndani kwa miezi, na zamani hata zaidi ya mwaka, na alipewa mwana hiti, kisanamu cha mti chenye kiwiliwili cha duara na kichwa chenye mashungi mawili. Alimwosha, akampaka mafuta na kumtunza kana kwamba ni mtoto wake. Mtafiti Marja-Liisa Swantz, aliyeishi kijijini Bunju, kaskazini ya Dar es Salaam, katika miaka ya 1960, aliikuta desturi hiyo bado hai, ingawa muda wa kukaa ndani ulikuwa umefupishwa kwa sababu ya shule.

Vifaa vya kufundishia vilikuwa vingi, na ubunifu wake haujapewa sifa inayostahili. Hans Cory, mzaliwa wa Austria aliyefanya kazi ya utafiti wa mila katika serikali ya kikoloni ya Tanganyika, alikusanya sanamu za udongo zilizotumiwa katika unyago na jando na kuzitolea kitabu mwaka 1956. Nyingi zilitoka kaskazini-mashariki, kwa Wasambaa, Wazigua na jirani zao. Ni vitu vya kushikika mkononi, vilivyopakwa rangi nyeupe, nyekundu na nyeusi: mtu, mnyama, chombo cha nyumbani. Mwalimu alitoa kimoja, akaimba wimbo wake, na wanafunzi wakaitikia. Maneno ya wimbo yalionekana ya kipuuzi au ya kitoto hadi mwalimu alipoyafumbua, na ndani yake kukatoka onyo kuhusu uzinzi, ugonjwa, wivu wa mume au wajibu wa kulea. Huko Kilimanjaro Wachaga walikuwa na mregho, fimbo iliyochongwa alama, na mwalimu aliteremka nayo alama kwa alama akieleza jinsi mimba inavyotunga na mtoto anavyoumbika tumboni. Mafundisho ya Wachaga yaliandikwa kwa urefu usio wa kawaida: Bruno Gutmann, mmisionari wa Kilutheri, aliyajazia vitabu vitatu vilivyochapishwa kati ya 1932 na 1938. Anayeamini kwamba wazee wa kale walikuwa hawana la kumwambia kijana anaweza kuanzia hapo.

Asili ya unyago wa mijini ina sura yake. Huko Mombasa, kama Margaret Strobel alivyoonyesha katika utafiti wake juu ya wanawake Waislamu wa mji huo kati ya 1890 na 1975, ngoma hizo ziliingia pamoja na wanawake watumwa waliotoka bara ya kusini, upande wa Malawi na Msumbiji za leo. Wao na mabinti zao ndio waliokuwa makungwi, na waungwana waliwakabidhi watoto wao wafundwe. Mwanamke ambaye nje ya unyago hakuwa na sauti mbele ya bibi yake mwenye nyumba, ndani yake aliketi juu na kuamrisha. Baada ya utumwa kufutwa, Unguja mwaka 1897 na pwani ya Kenya mwaka 1907, ngoma hiyo ikawa mojawapo ya njia ambazo wanawake wa asili mbalimbali walijiunga nazo kuwa jamii moja ya mji. Fatma binti Baraka, aliyejulikana duniani kote kwa jina la Bi Kidude na aliyefariki mwezi Aprili 2013, alikuwa mwimbaji wa taarabu jukwaani, lakini Unguja aliheshimiwa vilevile kama kungwi na mpiga ngoma ya msondo aliyewafunda wasichana wa vizazi kadhaa.

Mama kumfunda binti yake kwa kinywa chake mwenyewe si jambo ambalo halikuwahi kutokea. Mfano maarufu ni Mwana Kupona binti Msham wa Pate, mke wa Bwana Mataka wa Siyu, aliyemtungia binti yake Mwana Hashima utendi mnamo 1858, akiwa mgonjwa na akihofia kifo. Utendi huo unazungumzia dini, adabu, usafi, mapambo na namna ya kuishi na mume, na haukosi ujasiri katika mambo ya chumbani. Hata hivyo umbo lake linasema kitu: mama mwenyewe aliyapitisha maneno haya katika vina na mizani, na mauti ndiyo iliyomhimiza. Utendi wa baba kumweleza mwanawe wa kiume jambo hilo hilo haujapata umaarufu wa kiasi hicho.

Jando la wavulana lilifanyika mbali na makazi, kumbini. Ngariba alitahiri, na kwa wiki zote za kusubiri kidonda kupona wavulana walikaa pamoja wakifundishwa nyimbo, mafumbo, heshima kwa wazee, na mambo ya mwanamume na mwanamke. Katika miji ya Waislamu tohara ilikwisha tangu zamani kuwa jambo la dini linaloweza kutimizwa nyumbani akiwa mtoto bado mdogo, na hospitali zilipoenea ikawa ni shughuli ya asubuhi moja. Kisu kikatenganishwa na mafunzo. Mtoto anayetahiriwa akiwa na miaka 3 hawezi kufundwa siku hiyo, na hakuna siku nyingine iliyowekwa.

Desturi hizi zilikuwa na madhara yake, na kuzisifu bila kuyataja ni kudanganya. Msichana aliyefundwa alihesabiwa kuwa tayari kuolewa, hata kama ana miaka 13 au 14, hivyo elimu ya mwili ikawa mlango wa ndoa ya utotoni. Katika baadhi ya jamii za bara, tofauti na unyago wa pwani, mafunzo yaliandamana na ukeketaji, ambao Tanzania iliupiga marufuku kwa wasichana walio chini ya miaka 18 katika Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998, na Kenya kwa sheria yake maalumu ya 2011. Kasoro nyingine haikuonekana haraka: funzo kuu katika yote, kuanzia uani hadi kumbini, lilikuwa utii kwa mkubwa. Mtoto alifundishwa kumheshimu mjomba, mwalimu na jirani. Namna ya kumkatalia mmoja wao haikuwamo katika wimbo wowote.

Wamisionari wengi walizipinga ngoma hizi moja kwa moja. Vincent Lucas wa misheni ya Kianglikana ya UMCA alifanya tofauti. Akiwa padri huko Masasi, na baadaye askofu wa kwanza wa dayosisi hiyo kuanzia 1926 hadi 1944, aliliingiza jando ndani ya kanisa: wavulana Wakristo walikwenda kumbini chini ya uangalizi wa mapadri, pamoja na sala, na yale aliyoyaona machafu yakaondolewa. Kwa wasichana jaribio kama hilo lilikuwa gumu zaidi, kwa kuwa wanawake wenye unyago hawakuwa na haja ya kuwafichulia mapadri walichokuwa wakifundisha. Kwingineko misheni na shule za serikali zilijaza nafasi kwa mafunzo ya usafi na upishi, na kwa makatazo.

Baada ya uhuru, shule ndiyo iliyochukua muda wa mtoto, na mji ukamchukua bibi. Familia iliyohamia Dar es Salaam au Nairobi ilikaa chumba kimoja au viwili, wazazi na watoto pamoja, na somo amebaki kijijini. Chama cha uzazi wa mpango, UMATI, kilichoanza Dar es Salaam mwaka 1959, kiliongea na watu wazima waliokwisha kuoana. Shuleni mfumo wa uzazi ulifundishwa ndani ya sayansi, kwa mchoro wenye mishale na majina, na mwanafunzi aliyepata mimba alifukuzwa. Tanzania ilikuja kuruhusu wanafunzi hao warudi masomoni mwezi Novemba 2021. Kitabu cha Chelewa, Chelewa, kilichohaririwa na Zubeida Tumbo-Masabo na Rita Liljeström mwaka 1994, kiliwaonyesha wasichana waliopoteza kungwi bila kupata badala yake.

Ukimwi ulibadilisha kilichowezekana kusemwa hadharani. Wagonjwa wa kwanza Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na katika muongo uliofuata maneno ambayo zamani yalikuwa ya kumbini yakasikika redioni. Jarida la Femina, lililoanza 1999, lilijibu barua za vijana kwa Kiswahili cha kila siku. Makungwi nao hawakutoweka. Walihamia kwenye kicheni pati, sherehe ya wanawake iliyoshika kasi Dar es Salaam katika miaka ya 1990, ambapo kungwi wa kulipwa hushika kipaza sauti na kumfunda bibi harusi mbele ya mashoga zake na sahani ya pilau. Ufundi ni uleule, lakini anayefundwa sasa ni mwanamke mzima, mara nyingi mwenye kazi yake na pengine mwenye mtoto tayari. Elimu imefika mwisho wa safari iliyotakiwa kuianza.

Mtoto mdogo ndiye wa mwisho kufikiriwa. Utafiti wa taifa juu ya ukatili dhidi ya watoto uliofanywa Tanzania mwaka 2009, na matokeo yake kutangazwa 2011, ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 katika 10 walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono angalau mara moja kabla ya kutimiza miaka 18, na wavulana kama 1 katika 7. Mjadala ukashuka hadi kwa watoto wadogo zaidi. Mwongozo wa UNESCO wa elimu ya ujinsia wa 2009, uliorekebishwa 2018, unapanga mada kuanzia kundi la miaka 5 hadi 8, na miongoni mwa unayoyataka kwa umri huo ni majina sahihi ya viungo, mipaka ya kuguswa, na mtu mzima wa kuambiwa. Neno elimu ya ujinsia liliposikika, wengi walielewa kwamba mtoto wa chekechea ataelezwa tendo la ndoa, na upinzani ukawa mkali. Uganda ilipotoa mwongozo wake wa kitaifa mwaka 2018, viongozi wa dini waliukataa. Mabishano mengi yangepungua kama pande zote mbili zingeukumbuka utaratibu wa kubisha hodi nyakati tatu na kutenganisha malazi kwenye miaka 10, maana kupanga mambo haya kwa umri hakukuletwa na UNESCO. Kilicho kipya ni kumpa mtoto haki ya kusema hapana, na kumtaka mama amtajie kiungo kwa jina lake.

Tanzania ilianzisha mwaka 2021 programu ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali kwa watoto wa miaka 0 hadi 8, ulinzi wa mtoto ukiwa mojawapo ya nguzo zake. Akina mama ndio wanaoonekana zaidi katika vikao vya malezi vya aina hiyo, kama vile kicheni pati ilivyobaki kuwa ya wanawake. Kwa upande wa wavulana, kumbi limekwisha katika sehemu kubwa ya nchi, babu yuko mbali, tohara imepita angali mchanga, na hakuna sherehe, chama wala jamaa aliyepewa kazi hiyo kwa niaba ya baba.